Bustani Isiyoota Magugu

"Wendapi saa hizi, Sabiri? Magharibi inaingia."

"Naenda kuchukua kamera yangu, mama. Kwani magharibi inauma?"

Bi Chiku alikuwa ameshazoea kujibiwa hivyo na mwanawe. Sabiri alimdharau kila mtu pale Muheza, lakini zaidi alimdharau mama yake, tangu siku ya msiba wa kaka yake.

Rama alikufa ghafla wakati wa kaskazi, joto likiwa kali. Bi Chiku alipofunuliwa uso wa maiti aliutazama, kisha akasema mbele ya watu: "Huyu si Rama. Mwanangu wamemchukua, hapa mmenilazia mgomba." Sabiri aliona haya. Akamshika mkono, akamtoa nje, akamwambia aache ushamba. Mazishi yakaendelea. Tangu siku hiyo mama alikuwa akimpakulia Rama chakula kila jioni, na Sabiri alikuwa akikila huku akicheka.

Njiani alikutana na wanawake wawili wakizunguka mbali ili wasiipite bustani ya Mzee Tadeo. Akawacheka nao. Ati mzee anafuga misukule! Kama uchawi ungekuwa na maana, alizoea kusema, Muheza ingekuwa na lami kila uchochoro.

Kwake yeye Tadeo alikuwa mzee mpole mwenye michungwa mizuri, basi. Mwaka mzima alimruhusu kupiga picha humo. Masika alipiga vyura na konokono, kipupwe akapiga vipepeo, na sasa vuli ilikuwa imeanza na ndege wadogo waitwao chozi walikuwa wamerudi kwenye maua. Hata masika, mashamba yote yalipomezwa na magugu, bustani ile ilikuwa safi kama uwanja wa msikiti. Sabiri hakuwahi kumwona kibarua hata mmoja. Hakujiuliza pia. Alichotaka ni ndege.

Jana yake alikuwa amefunga kamera kwenye mchungwa, ile inayopiga yenyewe kitu kikipita, apate picha ya komba.

Alipofika aliifungua mtini, akakaa chini, akaanza kutazama.

Komba tawini. Safi.

Komba tena, macho yanawaka.

Picha ya tatu... mtu.

Kifua wazi, ameinama, analima. Komba amekaa begani mwake, ametulia, kama amekaa juu ya kisiki. Mtu yule alishika jembe kwa kushoto.

Rama alikuwa mshoto.

Sabiri akarudi kwenye picha za zamani, zile alizozipunguza pembeni ili abaki mnyama peke yake. Picha kamili zilikuwa bado zimo. Nyuma ya chura wa masika kulikuwa na miguu miwili imejaa tope. Nyuma ya kipepeo, mgongo. Mwaka mzima alikuwa akimkata kaka yake kwenye picha.

Kwa... kwa... kwa...

Jembe.

Harufu ya pumba mbichi ikamjia, pumba na jasho la siku nyingi. Kati ya mistari ya michungwa, hatua chache tu kutoka alipokaa, kivuli kiliinama na kuinuka.

"Rama?"

Jembe likanyamaza.

Kivuli kikageuka. Ni yeye. Uso ule ule, ila macho hayakupepesa. Akafungua mdomo, na ndani ya mdomo hamkuwa na ulimi.

"Umemwita jina." Sauti ya Mzee Tadeo ilitoka nyuma yake, ya upole kama kila siku. "Mwenye kuitwa jina anaweza kwenda kwao. Lakini jembe langu halilali chini. Lishike wewe, yeye aende kwa mama yenu."

Rama alinyoosha mkono. Alimpa nduguye mpini.

Sabiri akarudi nyuma hatua moja. Ya pili. Kisha yule bingwa wa kucheka watu akafyata mkia, akakimbia na kamera yake.

"Nilijua utakimbia," mzee alisema bila kupaza sauti. "Ndiyo maana nilikuacha uingie."

Sabiri alifika nyumbani akihema. Mama alikuwa amekaa mbele ya sahani ya Rama.

"Umeona nini?"

Angeweza kunyamaza. Lakini woga ulimfanya apayuke, na ili asionekane mwoga, akajilazimisha kucheka. "Mzee wako mchawi kachanganyikiwa! Ati Rama yuko kwake analima. Ati nishike jembe mimi ndiyo amwachie!"

"Umemwona kwa macho yako?"

Sabiri akaificha kamera nyuma ya mgongo.

"Nawe ukasema nini?"

"Ningesema nini, mama? Nimerudi."

Bi Chiku akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akavaa ndara zake na kutoka.

"Mama, acha ushamba!" Sabiri aliita. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kuombaomba. Alitaka kumfuata. Kweli alitaka. Badala yake akausikiliza mlio wa ndara mpaka ukapotea, kisha akafunga mlango kwa komeo. Akazifuta picha zote.

Alfajiri mlango uligongwa.

Alijua si mama. Mama asingegonga, angeita.

Akafungua. Rama alikuwa amesimama kizingitini, udongo umemjaa hadi magotini, mikono imeota sugu. Macho yalikuwa yakipepesa sasa, na machozi yalikuwa yakitoka. Sabiri alichungulia nyuma yake. Njia ilikuwa tupu.

"Kaka... karibu ndani," alinong'ona. "Mama yuko wapi?"

Rama alimtazama toka juu hadi chini, taratibu. Asiye na ulimi hawezi kusema kitu. Alibana midomo, akavuta pumzi kupitia meno, akamsonya.