Kinu cha Ninahazwe

Ciza alitoka nyumbani kwake Kasenga tumbo wazi, na yeyote aliyemwona uso alijua kwamba leo kuna mtu atatukanwa. Alikwenda moja kwa moja uani kwa jirani yake, mama Apolline.

"Mama Apolline, nilikuomba kwa adabu. Usitwange mu mchana. Watu wangu wanashituka!"

Mama Apolline alikuwa mkekani anachambua mchele. Akampandisha na kumshusha kwa macho. "Weye Ciza, minye nitwange na nini? Majani yangu ya sombe ninapelekaka ku mashini tangu mwaka jana. Iko wapi kinu hapa?"

Kinu hakikuwapo. Na papo hapo, nyuma yake, kutoka nyumba yake mwenyewe, Ciza akausikia tena mchi: du, du, du, wa mwanamke asiye na haraka.

"Unasikia?"

"Ninasikia nini?" akauliza mama Apolline.

Hao watu wake, tuseme ukweli tu, hawapendezi. Ni nge wasio na mkia wala sumu, bapa, weusi, wakaao kwenye nyufa za miamba, na miguu yao ya mbele ni mirefu na myembamba kama uzi. Kwa miguu hiyo wanapapasa ukuta kama kipofu anayetafuta mlango. Zamani Ciza alikuwa akipiga mbizi ziwani kukamata samaki wa mapambo. Masikio yakamharibikia, akageukia nge. Mnunuzi wake wa Bujumbura, Claude, alimwambia wazi: wa kukamatwa porini sitaki, niletee waliozaliwa ndani ya sanduku. Basi kazi yote ikawa kuzalisha, na kuzalisha huko ndiko kulikomkondesha.

Maana jike wa nge hawa akitaga, huyabeba mayai chini ya tumbo, ndani ya kifuko, miezi na miezi. Na hataki mchezo. Ukimgusa, ukimtikisa, akisikia kishindo, anayala mayai yake mwenyewe, yote, halafu anatulia kama si yeye. Ciza alizima redio. Wageni wakavuliwa viatu mlangoni. Ukitaka kukohoa, toka nje. Hata hivyo jike wa kwanza alikula mayai, wa pili akala, na Ciza akapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikavimba. Akabaki mmoja tu mwenye mayai. Huyu naye akishindwa, Claude hatarudi tena, na Ciza hana kazi nyingine anayoijua.

Sasa, jike wa namna hii anataka kitu kikavu, chenye mikwaruzo, aning'inie kichwa chini. Mbao za fundi zilimtelezesha. Nyuma ya jiko palikuwa na kinu cha zamani kimefudikizwa, na Ciza, kwa hasira za kukosa mbao za kufaa, alikipasua kwa msumeno katikati, akaisimamisha nusu moja ndani ya sanduku kabla jike huyu hajataga. Kilikuwa kinu cha Ninahazwe, dada mkubwa wa mkewe Spès, aliyefariki kwao Sange akiwa na mimba; Spès alikuwa amekileta hapa kukitunza. Matanga yalikuwa hayajaondolewa, na katika ukoo wao kinu cha marehemu hakiguswi wala hakifunuliwi mpaka siku ya kuondoa matanga. "Ni mti tu," Ciza alisema. Spès alilia mpaka akanyamaza mwenyewe.

Alipotoka kwa mama Apolline alimkuta Spès mlangoni mwa chumba cha masanduku, kiganja mdomoni.

"Inatwanga humu ndani," akanong'ona. "Na harufu, unaisikia?"

Aliisikia. Harufu ya sombe mbichi, majani ya muhogo yaliyopondwa sasa hivi, katika nyumba ambamo tangu asubuhi walikuwa wamekunywa chai kavu tu.

"Urudishe ile kinu, Ciza. Minye niko na mimba. Dada akitwanga, ninasikia anapiga mpaka mu tumbo yangu."

Ciza akaruka kwa furaha, akamkumbatia. Kisha jicho lake likaenda kwenye sanduku, na furaha ikamwisha. "Nikiitosha mu sanduku sasa, yule mama atakula mayai. Ngoja yapasuke kwanza. Ni siku chache tu, mpenzi."

Spès akatoka. Alipanda pikipiki mpaka Runingu, akarudi na mfumu mmoja, bibi mganga mzee ambaye watu humwita koko Irankunda, aliyeshuka akilaani mashimo ya barabara. Mama huyo aliweka sikio juu ya sanduku, akaliondoa haraka.

"Dada yako hayuko humu," akamwambia Spès kwa sauti ya chini. "Yeye alishaenda. Kinu kilipasuliwa kingali na kilio, jini la ziwani likaona mlango wazi. Limefurahi. Nyumba moja, mama wawili wenye mzigo." Akamgeukia Ciza. "Kifungwe kitambaa cheupe, kizikwe Sange leo hii."

"Leo haiwezekani, koko. Nikimugusa..."

"Basi minye narudi. Siwezi kufukuza mgeni ambaye mwenye nyumba anamushika shati."

Akakataa hata maji ya kunywa.

Kesho yake mchi ulianza mapema, na haukupumzika, du, du, du, ukatoka kwenye sanduku ukaingia ukutani, ukatoka ukutani ukaingia sakafuni, hata vikombe vikagongana kabatini na Spès akajikunja kitandani ameshika tumbo, na Ciza, aliyepiga magoti mbele ya sanduku na tochi yenye mwanga mwekundu, akamwona jike wake akianza kuinua kile kifuko cha mayai taratibu kuelekea mdomoni, na kila mchi uliposhuka kifuko kikapanda kidogo, na harufu ya sombe ikamjaa puani, na hasira za miezi yote zikamtoka kwa mara moja.

"Basi chukua!" akapiga kelele. "Chukua unachotaka humu ndani, chochote, ila unyamaze uniachie watoto!"

Mchi ukanyamaza. Jike akakishusha kifuko.

Mayai yakaanguliwa wiki ile ile. Watoto weupe pepepe wakampanda mama yao mgongoni, wakapangana, na Ciza akalia kama mtoto. Wangekaa pale mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Anayeanguka kabla ya hapo hufa. Akaenda mpaka barabarani kwenye mtandao mzuri, akampigia Claude. "Wamezaliwa! Wote!"

Aliporudi, jike alikuwa ananing'inia pale pale. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

"Mungu wangu, wapi tena!" Akapiga magoti, akapapasa sakafu, akitukana, machozi yakimlengalenga.

"Unatafuta nini?"

Spès alikuwa nyuma ya mlango, ameugeukia ukuta, kitenge kimeshuka kiunoni. Mkono wake mmoja ulikuwa juu, na vidole viwili vinapapasa rangi ya ukuta, polepole, huku na huku. Mgongoni mwake, kutoka shingoni mpaka kiunoni, walikuwa wamelala watoto wote, weupe, safu kwa safu, kimya.

"Spès," Ciza alinong'ona, akanyoosha mkono kwenye bega lake. "Spès, mama, njoo..."

"Usinishike." Sauti haikuwa na haraka yoyote. Mkono wa pili ukashuka ukatulia juu ya tumbo. "Weye ndiye unajua, mama akishikwa anafanya nini."

Ciza akaurudisha mkono wake. Akarudi nyuma, akiizuia hata pumzi, akaketi sakafuni na kuanza kungoja.