Kiwiko cha Kinyozi

"Mia na tisini kwa mia na kumi," sista alisema huku akifungua kipimo mkononi mwa Kinyozi. "Kaka, hii presha unaifuga?"

"Ni mapenzi, sista. Muulize jirani yangu."

Jirani yake wa kitanda cha pili alikuwa mwalimu wa chekechea. Figo za wote wawili zilishagoma kazi, kwa hiyo walikutana pale kusafishwa damu, mashine kwa mashine, na uchumba ukaanzia hapohapo. Wengine hupendana harusini. Hawa walipendana sindano zikiwa mkononi. Majuzi Kinyozi alimwomba wafunge ndoa. Mwalimu akasema atafikiri, na mpaka leo alikuwa anafikiri.

Daktari alipita, akatazama vipimo, akakuna kidevu.

"Kwa mzani, maji yaliyozidi mwilini ni kidogo tu. Basi dawa ndiyo haitoshi. Nakuongezea nyingine."

Vidonge vilishajaa mfukoni kama njugu, na presha iko palepale.

Jioni simu ya Kinyozi ikalia ujumbe wa Mwalimu.

"Umefika salama?"

"Nimefika. Kichwa kinagonga kidogo. Jibu langu vipi?"

"Lala kwanza."

Siku ya mashine iliyofuata, Mwalimu aliwahi kufika. Akiwa mlangoni alimwona Kinyozi amesimama juu ya mzani. Mzani uko dirishani, na kiwiko cha bwana huyu kilikuwa kimeegemea ukingo wa dirisha, kana kwamba anaangalia wapita njia. Sista alisoma namba, mkono hakuuangalia. Lakini Mwalimu maisha yake yote ameishi na watoto wanaodanganya huku wanakukodolea macho. Alielewa palepale.

Alisubiri mpaka wote wawili wameunganishwa kwenye mashine, hakuna pa kukimbilia.

"Kiwiko chako kinabeba kilo ngapi?"

"Kiwiko gani?"

"Kile cha dirishani."

Kinyozi alihamishia macho darini.

"Punguza sauti, Mwalimu."

"Mbona nimeuliza kwa upole."

"Wakiyatoa maji yote miguu inakaza. Nashuka hapa nimelegea kama tambara. Nitakusindikizaje kituoni? Nilitaka unione mzima."

"Kwa hiyo unaudanganya mzani, maji yanabaki mwilini, presha inapanda, daktari anaongeza dawa. Na mimi nimelala hapa nafikiria gauni."

"Ulikuwa unafikiria gauni?"

"Usinibadilishie mada. Mume wangu aliangushwa na presha, akapooza, nikamzika. Sifiwi mara ya pili kwa sababu ya kiwiko."

Akageuza shingo.

"Sista, naomba uje mara moja."

"Mwalimu, usinifanyie hivyo."

Alimfanyia.

Jioni ile Kinyozi ndiye aliyetangulia kutuma ujumbe.

"Umeniaibisha mbele ya watu wote. Usinisubiri tena kituoni."

"Sawa."

Basi, neno moja. Kinyozi aliliangalia mpaka kioo cha simu kikazima. Angesutwa angejibu, lakini "sawa" utaijibu nini? Kesho yake, akiwa na mashine ya kunyolea mkononi, macho yakaingiwa ukungu, mteja mmoja akawa na vichwa viwili. Aliomba radhi, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Safari iliyofuata alipanda mzani mikono yote miwili kichwani, kama mtu aliyekamatwa. Sista alisoma namba, akairudia.

"Maji yote haya ulikuwa unayaficha wapi?"

"Si unajua, sista."

"Hatuyatoi siku moja, utazimia. Tutayatoa kidogo kidogo. Na chumvi uiache, ndiyo inayokupa kiu."

Kitanda cha pili kilisalimia, kikafumba macho. Ikawa hivyo kila walipokutana, wachumba wametenganishwa na mashine mbili na kiburi kimoja. Cha nani, msiniulize mimi.

Maji yalipungua, presha nayo ikaanza kushuka. Daktari alipoona hivyo akamwondolea dawa moja.

"Kumbe muda wote huu nilikuwa natibu kiwiko," akasema, akaenda zake.

Siku maji ya ziada yalipoisha, Kinyozi alishuka kitandani miguu haina habari naye. Alijikokota hadi kwenye benchi la nje. Mwalimu alikuwa amekaa hapo, mkoba mapajani.

"Nilidhani umeshaondoka."

"Ulisema nisikusubiri kituoni. Hapa ni kituoni?"

"Niangalie basi. Hata begi siwezi kubeba. Huyu ndiye utakayempata."

"Namwona. Ndiye niliyekuwa namtaka. Yule wa dirishani alikuwa ananitisha."

Kinyozi alikuwa na kiu ya mwanamke huyu kuliko alivyowahi kuwa na kiu ya maji.

"Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Ningekuwa nimekaa hapa nafanya nini?"

"Na jibu?"

"Ndiyo. Sasa inuka taratibu. Leo nakusindikiza mimi."

Akainuka, akayumba kidogo, akaegemeza kiwiko begani kwake.

"Hapa kinaruhusiwa?"

"Hapa ruksa. Nikikiona tena dirishani, nakikata."