Mwalimu wa Bila Mudomo

Telefone ilikuwa imezimika tangu asubuhi, imelala juu ya gunia la samaki wakavu, na bado ilisema: "Rudia."

Mama Laurentine aliikamata, akainusa. Hapa Nchelenge, upande wa Zambia, kando ya ziwa, harufu ya samaki haishangazi mutu. Lakini katika kile kitundu cha kuingizia moto wa chaji mulitoka harufu ya matope ya chini kabisa, yale ambayo wavu huyapandisha pamoja na mifupa.

"Didier, hii kitu yako iko nasema ikiwa imekufa!"

Mukwe wake alikuwa nyuma ya ukuta wa matete, amegeuza mugongo. Kwao mukwe haangalii mama wa muke wake uso kwa uso, wala hawagusani hata kidole. Heshima hiyo ndiyo akili pekee aliyokuwa nayo Didier.

"Mama, ni teknoloji," akacheka. "Weye hauwezi kuelewa."

Teknoloji! Mutu asiyejua kufunga gunia lisimwagike. Ndiye aliyemutoa Arlène, muke wake, kwa Mwalimu Ambroise, aliyefundisha wakimbizi Kiingereza kwa chaki nyuma ya kanisa. Ati muzee anapoteza wakati, anauliza kwanza umelalaje. Telefone haiulizi umelalaje. Inasema rudia, unarudia, inakusifu hata ukitapika maneno. Arlène angepata kazi ya ofisi, Didier angevaa viatu vyenye ncha. Viatu alivinunua kwanza.

Kwao Laurentine, ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, mutoto alifundishwa mapema: sauti isiyo na mutu haijibiwi, hasa karibu na maji. Sasa watu wananunua mashine ya kuwafundisha kujibu.

Jua likiwa katikati, Arlène alikuwa anageuza samaki juu ya muchanga, ekuteri masikioni, nyuzi zake zinaning'inia bila kufungwa popote. Alisema neno la Kiingereza, akasimama. Akasema lingine, akaweka kikapu chini. Akasema lingine tena, akaanza kutembea kuelekea maji.

Laurentine hakujua Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo.

"Arlène! Uko nasema na nani?"

"Na mwalimu, mama," alinong'ona, macho wazi, hayaangalii kitu. "Anasema hili ni somo la mwisho. Nimujibu tu kwamba niko nakuja."

"Usijibu! Mwalimu gani anaita mwanafunzi ndani ya maji?"

Alikimbia na magoti yake mabovu, akamuziba mudomo kwa mukono mumoja na kuzivuta zile ekuteri kwa mwingine, lakini sauti haikukatika, ikatoka kwenye telefone iliyokufa juu ya gunia, ikatoka mifukoni mwa wachuuzi waliokuwa wanapima samaki, ikatoka ndani ya mitumbwi iliyofungwa, kwa Kiingereza, kwa Kibemba, kwa Kiswahili cha Kilwa kabisa, tamu kama ya mama anayeita mutoto aje kula, rudia, rudia, niko nakuja, na harufu ya matope ikafunika ufuo muzima, na meno ya Arlène yakaingia katika nyama ya kiganja ili mudomo upate kufunguka, na Laurentine akakaza ingawa damu ilimutiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Wachuuzi walirudi nyuma. Hata wajinga wanajua kuogopa.

Isipokuwa mumoja. Didier alifika mbio, akasimama kando, mugongo kwa mama mukwe, uso kwa ziwa. Alisikia Kiingereza kinaulizwa mbele ya watu, na hakuna anayejibu. Angevumiliaje?

"Ai em kaming!" akasema, kifua mbele.

"Nyamaza, mujinga!"

Alikuwa ameanza kutembea. Alipita karibu sana, pindo la shati lake likapangusa vidole vya Laurentine, vya ule mukono uliokuwa mutupu. Vidole vilifunguka. Kisha vikakumbuka kwamba mukwe hashikwi, vikafumba hewa.

Aliingia majini na viatu vyake vyenye ncha. Hakupiga kelele, alirudia tu, mpaka maji yakamujaa mudomo.

Arlène alianguka chini, akalia kwa Kiswahili.

Juu ya gunia, telefone ilisema: "Vizuri sana. Sasa mwenye kufuata."

Na katika wale wachuuzi, mumoja akainua mukono.