Mtambo wa Quionga

Haya yalimpata rafiki yangu Samiha, aliyekuwa akiangalia mitambo ya simu kwa kompyuta huko Palma. Kila dakika kompyuta hupiga hodi kwa kila mtambo, nao hujibu, “Karibu.” Adhuhuri moja mtambo wa Quionga ukanyamaza.

“Umelala tena, wewe!” mkubwa wake wa kazi, shefe Latifo, alifoka. “Usipoufufua leo, kazi huna.”

Samiha akaenda, akafungua kibanda cha antena. Mlango ukajirudisha nyuma yake, giza totoro, hata feni haivumi. Akapapasa ukutani: nyaya zimekatwa, mtambo haupo.

Akapiga simu kwa laini ya kampuni nyingine. “Shefe, mtambo umeibwa.”

“Mwongo mkubwa! Mbona kwenye kompyuta hapa naona mtambo unajibu?”

Gizani, kwenye sikio lake lisilo na simu, kitu kikanong'ona, “Karibu.”

Dakika ilipotimia kikarudia, safari hii kutoka mlangoni.