Vipimo vya Ijumaa

Jumamosi saa sita mchana Barabara ya Ladypool, kule ughaibuni, ilikuwa imefurika watu, na foleni katika bucha ya Maulid ilitokeza mpaka mlangoni. Beverly Jerotich alikuwa amesimama humo dakika ishirini, koti lake la mvua la manjano likidondosha maji sakafuni, misuko yake ameikusanya juu ya kichwa. Alipofika kaunta, mioyo ya kondoo ilikuwa imebaki mitatu.

"Nifungie yote," alisema.

"Yote haiwezekane," sauti ikasema nyuma yake. "Zile roho tatu nililomba tangu asubuhi. Uliza papa Maulid."

Beverly aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu vyeusi vinang'aa kama vya bwana harusi, katikati ya sakafu yenye maji ya damu.

"Roho?" Beverly alisema. "Unataka kumtoa kondoo mapepo?"

"Ninataka kuipasua na kuandika raporti, mademoiselle. Darasani yetu Jumatatu tunachunguza moyo. Unaona? Na neno lako ninalijua."

Kumbe walikuwa wanasoma chuo kimoja, kile chuo kidogo ambako hata mwanafunzi wa baiolojia hulazimishwa kusoma falsafa na historia. Beverly alikuwa mwaka wa pili. Valère Kisimba alikuwa amehamia hapo wiki hiyohiyo. Maulid, Mbarawa aliyezoea kuamua ugomvi wa Kiswahili cha kila aina, alimpa kila mmoja moyo wake, na wa tatu akaurudisha ndani ya friji.

"Huo sitamuuzia yeyote kati yenu," alisema. "Tokeni, watu wanangoja."

Jumatatu Dakta Kulwinder, mwalimu wao, alipanga wanafunzi wawili wawili kwa mradi wa mwaka. Aliwaweka Beverly na Valère meza moja, bila kujua alichokuwa anakifanya.

Waligombana juu ya kila kitu. Waligombana wapande kunde au maharagwe, wachote maji ya mfereji wa mashua kule Digbeth au kwingine, nani aandike na nani aoshe vyombo. Mwishowe walipanda kunde, mbegu za duka moja la Soho Road karibu na kwao Beverly, katika trei kumi ndani ya banda la kioo nyuma ya maabara. Nusu walizimwagilia maji ya bomba, nusu maji ya mfereji. Kila Jumanne na kila Ijumaa, kwa wiki nane, walitakiwa kuchukua urefu wa kila mche.

Katika kugombana huko ndiko walikopendana. Valère alikuwa anakuja na chai kwenye chupa na kumkosoa jinsi anavyoshika rula. Beverly alimwita Profesa Kalemie, kwa jina la mji aliozaliwa kule Kongo, na alikasirika siku ambazo hakuja mapema. Wiki ya nne, mvua ikigonga kioo juu yao, Valère alimfuta udongo shavuni kwa kidole gumba, akakiacha hapo. Beverly hakukitoa.

Baada ya hapo simu haikupoa.

"Umekula, chérie?"

"Usiniite chérie. Nimekukasirikia."

"Juu ya nini leo?"

"Nimesahau. Ngoja nikumbuke."

"Kumbuka polepole. Niko ndani ya bisi, nina wakati."

Wiki ya nane ilikuja na bahati na balaa. Dakta Kulwinder alimtangaza Valère kuwa ndiye atakayepewa nafasi ya utafiti ya kiangazi, nafasi moja tu kwa darasa zima. Siku mbili baadaye mama yake Beverly, Magdalene, ambaye ni nesi, aliteleza kazini akavunjika kifundo cha mkono. Angepasuliwa Ijumaa. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa ya vipimo vya mwisho, na Jumamosi asubuhi fundi wa maabara angetoa miche yote kupisha darasa lingine.

Beverly alimpigia Valère akiwa ngazini hospitalini.

"Kesho sitakuwepo. Utaweza peke yako?"

"Kesho tena? Kesho nina tantine kwa avoka, ile mambo ya watoto wake." Valère alikuwa ameshamfundisha kwamba tantine ni shangazi, na avoka ni wakili. "Nitapima, mupenzi. Usiwaze. Fikiri mama."

"Asante, Val. Ningekuwa na nani mwingine?"

Alilala ametulia. Jumatatu alifungua daftari la mradi akakuta safu ya mwisho tupu. Banda la kioo lilikuwa limefagiliwa. Valère alikuwa amekaa mezani, mikono katikati ya magoti.

"Namba za Ijumaa ziko wapi?"

"Hakuna."

"Uliniambia utapima."

"Nilipima, Bev. Nilishindwa."

"Ulipima?"

"Nilipima, kweli ya Mungu. Kwa avoka tulikawia, halafu..."

"Sitaki hadithi ya wakili. Kama ulipima, namba ziko wapi?"

"Nimekuambia hakuna namba. Unasikia?"

"Nasikia vizuri sana," Beverly alisema. "Unanidanganya ukiniangalia machoni."

Uso wa Valère ulibadilika. Alisimama, akafunga kifungo cha shingo. "Kwenu kila mukimbizi ni mwongo. Niambie tu, nilijua siku moja utasema."

"Sijasema hivyo."

"Sema sasa, nikiwa hapa."

Hakusema. Aliandika. Barua yake kwa Dakta Kulwinder ilikuwa fupi: mwenzangu anadai alichukua vipimo vya mwisho, lakini hawezi kuvionyesha. Kabla ya wiki kwisha Valère aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, na nafasi ya kiangazi akapewa mwanafunzi mwingine. Nyumbani Handsworth, Beverly alilia mbele ya mama yake na kumwambia kwamba yule kijana ni mwongo. Magdalene, mkono umefungwa plasta na hana la kufanya ila kushika simu, aliwaambia akina mama wa ushirika wa maombi wa wasemao Kiswahili, Wakenya kwa Wakongo, wanaokutana kila mwezi katika ukumbi wa kukodi hapohapo Handsworth. Jumapili iliyofuata Valère aliingia ukumbini, akaona watu wanavyosogeza viti mbali naye, akatoka. Hakurudi.

Walipokutana kwenye korido za chuo walipishana kama watu wasiojuana. Mara moja Beverly alimshikia mlango, naye akazunguka akapitia mwingine.

Mwezi wa tano simu ya Beverly ililia kwa namba asiyoijua.

"Mimi Gisèle, tantine ya Valère. Kuja kwangu Sparkbrook, leo. Nina maneno, na kwa simu siyaseme."

Beverly alikwenda akiwa amejiandaa kutukanwa, na hakukosea. Gisèle alikuwa mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha kijani, na alianza kabla mgeni hajakaa.

"Ikala. Mutoto yangu hakule. Hasemi. Jina yake imeoza ndani ya kinywa cha watu. Alikufanyia nini, weye?"

Lakini hata akiwa na hasira alikuwa amepika. Aliweka mezani bugali na sahani ya sombe, yaani ugali na kisamvu cha Kikongo.

"Asante, aunty, siwezi."

"Pima."

"Nini?"

"Pima. Hata kama unatuchukia, pima kidogo."

Beverly aliangalia sahani. "Nipime na nini, aunty?"

"Na mukono! Kwenu hamupime chakula? Kuonja kidogo, kuona kama utaweza. Kupima, binti. Kujaribu."

Beverly hakugusa chakula. Aliuliza polepole Ijumaa ile kulitokea nini. Gisèle alimweleza: walikaa kwa wakili toka saa nne, kwa kuwa mkalimani hakufika na Valère ndiye aliyetafsiri. Walipotoka saa kumi alikimbia mpaka kituo cha basi na viatu vyake vya ibada. Alifika chuoni banda limefungwa. Alirudi akasema, "Tantine, nilipima, nilishindwa."

Beverly alimkuta Valère maktabani, ghorofa ya juu. Alimweleza kila kitu akiwa wima, kwa sauti ya chini, maneno yakigongana.

"Nilidhani unasema ulichukua vipimo. Kwetu kupima ni hiyo tu. Val, ilikuwa ni neno."

Valère alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kitabu.

"Neno moja hukulijua," alisema. "Sawa. Lakini mimi ulinijua. Wiki nane, kila siku. Nilikudanganya lini?"

"Hata siku moja."

"Kwa hivi juu ya nini haukuuliza mara mbili?"

"Nitaenda kwa kamati," Beverly alisema.

"Enda. Sikukutuma."

Alikwenda. Kamati ilimfutia Valère kosa, lakini nafasi ya kiangazi haikurudi, na wote wawili waliambiwa warudie mradi. Valère aliomba kufanya peke yake. Kwa hiyo mwezi wa sita walikuwa humohumo bandani, trei zake upande wa mlango na za Beverly upande wa dirisha, joto limewabana, hakuna anayemsemesha mwenzake. Siku ya tisa Beverly alishindwa kuvumilia.

"Walikusafisha. Unataka nifanye nini kingine?"

"Walinisafisha kwa wazungu," Valère alisema bila kugeuka. "Wazungu hawanijui. Kule Handsworth, kwa watu wa luga yangu, mi niko mwongo mpaka leo. Nani alipeleka ile habari?"

Jumapili ya mwisho ya mwezi ukumbi ulijaa. Ulipofika wakati wa ushuhuda Beverly alisimama. Alikuwa amevaa gauni la bluu la mikono mirefu, akachukua maikrofoni. Mama yake, safu ya pili, alimtabasamia akidhani ni shukrani ya mkono wake kupona. Gisèle alikuwa nyuma kabisa. Kwa ombi la Beverly alikuwa amemleta Valère, akimwambia tu kwamba hajisikii kusafiri peke yake.

"Nilimsingizia mtu," Beverly alisema. "Nilisema Valère Kisimba ni mwongo. Alinieleza ukweli, mimi sikuelewa, na sikutaka kuuliza. Nyinyi mlisikia kutoka kwetu. Leo sikieni kutoka kwangu kwamba ilikuwa uongo, na aliyeusema ni mimi."

Magdalene aliinamisha kichwa. Beverly alirudisha maikrofoni na kutoka kwa mlango wa pembeni.

Valère alimkuta kwenye uzio wa nje.

"Haukunipasha kama utasema leo."

"Ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi."

Mabasi mawili yalipita Soho Road. Valère alilegeza tai.

"Ningali na hasira," alisema.

"Hata mimi."

"Weye? Juu ya nini?"

"Ungenipigia simu Ijumaa ile. Ungesema tu umechelewa."

"Niliogopa kinywa chako," Valère alisema. "Mama yako alikuwa anapasuliwa, na mi ningesema nimeharibu. Nilingoja Jumatatu. Ile ni kosa yangu."

"Kinywa changu ni kibaya."

"Ni kibaya sana, Bev." Akamshika mkono, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayechukua kitu ambacho bado anakigombania.

Magdalene alitoka akiwa amebeba mkoba kwa mkono wa kushoto. Beverly alitaka kuuvuta mkono wake, Valère hakuuachia. Yule mama alisimama mbele yao.

"Shikamoo, mama," Valère alisema.

"Marahaba. Msichana wangu alimwambia mtu mmoja, mimi. Mimi niliwaambia watu arobaini."

"Haina shida, mama."

"Iko na shida," Magdalene alisema. "Ndio maana nimekuja. Naomba msamaha. Halafu twende tukale, na usikatae, kwa sababu nitakuuliza maneno mengi, na mimi nitauliza mara mbili."