Risasi Jikoni kwa Bi. Verna

Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, shule za wilaya yetu hapa milimani West Virginia hufungwa, maana hata walimu wako msituni. Tressa Vannoy, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliamka alfajiri, akakata mkate wa mahindi na kujaza kahawa kwenye chupa. Mwaka huu angewinda na bibi yake, Opal, kwa leseni yake ya kwanza.

Kaka yake Corbin hakuruhusiwa kwenda. Tangu aumie mgodini alikuwa mtumwa wa vidonge vya kutuliza maumivu. Alipokamatwa navyo, hakimu alimwonya kwamba sheria ya nchi nzima inamkataza mtumiaji wa dawa za kulevya kuwa na bunduki, na kwamba akikutwa nayo atashtakiwa katika mahakama ya serikali kuu. Bibi aliahidi kuipeleka bunduki ya marehemu babu kwa mjomba wao, waichukue siku za kuwinda tu. Hakuipeleka. Aliona aibu watu waseme kwamba nyumba ya Vannoy haina bunduki msimu wa kulungu, akaificha kabatini nyuma ya mablanketi, Tressa akiona.

Bibi alikuwa akilisha kuku wakati Tressa aliposikia mlio wa risasi nyuma ya nyumba. Alikimbia, akamkuta Corbin amesimama akiyumba, macho mekundu, bunduki mkononi. Kulungu dume alikuwa akitokomea bondeni. Ng'ambo ya kijito, jirani yao Bi. Verna alikuwa akipiga mayowe. Risasi ilikuwa imepita dirisha la jikoni kwake na kupasua bakuli la maharage, hatua mbili tu kutoka alipokaa Benny, mjukuu wake wa miaka mitatu.

"Sema ni wewe," Corbin alimwambia Tressa. "Una leseni, tena wewe ni mtoto. Watakukaripia, yaishe. Mimi watanifunga."

"Ungemuua Benny."

"Sijamuua. Acha kunihubiria. Mimi ni kaka yako au siyo?"

Akamsukumia bunduki mikononi. Bibi alifika akihema, akawatazama wote wawili, kisha akainamisha macho. Kuinamisha macho kule kulimchoma Tressa kuliko maneno ya Corbin.

Baada ya muda askari alifika, ameitwa kwa simu. Bi. Verna alimfuata nyuma, amembeba Benny, nywele za mtoto zimejaa maharage. Askari alipouliza aliyefyatua risasi, Corbin alijibu haraka kwamba ni mdogo wake, mkono ulimteleza. Bi. Verna akamgeukia Tressa, akamuuliza kama ni kweli.

Tressa aliomba moyoni, sala fupi isiyo na adabu: Mungu, nimechoka nao.

"Ni Corbin," alisema. "Amekunywa vidonge. Na bunduki ilikuwa kabatini kwetu muda wote huu. Bibi anajua."

"Nyoka wewe," Corbin alimwambia huku akifungwa pingu. "Nimekulea mwenyewe."

"Ulitaka nibebe risasi yako. Ibebe mwenyewe."

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya serikali kuu, na Corbin alikiri kosa. Majirani kadhaa walinuna, wakasema mgonjwa anaonewa. Tressa naye alikasirika, kwa sababu kaka yake aliomba matibabu mwaka mzima akaambiwa asubiri foleni, lakini pingu hazikuwa na foleni. Hata hivyo hakujuta. Hakimu alimfunga Corbin miezi kumi na minane na kuamuru atibiwe humo gerezani. Bunduki ilichukuliwa.

Njiani kurudi nyumbani kutoka mahakamani Tressa alikaa kiti cha nyuma. Bibi alisimamisha gari kando ya kijito.

"Una haki ya kunikasirikia," alisema. "Niliogopa midomo ya watu kuliko nilivyoogopa risasi. Nilidhani kumfichia Corbin ndiko kumpenda, kumbe nilikuwa namsaidia aangamie, na mtoto wa watu pamoja naye. Mjukuu wangu, anayempenda mgonjwa wa dawa za kulevya humwondolea silaha mapema, na akishindwa husema ukweli juu yake. Wewe ulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili ukafanya kazi yangu."

Tressa alisema kwamba bado ana hasira.

"Kaa nayo," Bibi alijibu, akafungua mlango wa gari. "Lakini twende kwa Verna. Bunduki ilikuwa wapi alisikia kwako, si kwangu; safari hii nitasema mwenyewe."