Namba Aliyoitoa Bahiya

Kila siku baada ya saa nane mchana, Bi Amne alikuwa hawezi kushika simu. Mikono yake ilijaa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, na mbele yake alikuwapo biharusi kanyoosha miguu akisubiri kuchorwa. Kwa hivyo simu aliishika binti yake, Bahiya. Akirudi skuli, akishakula na kuswali, hukaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha kazi, katika nyumba yao ya Malindi, akawajibu wateja kwa niaba ya mama yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliionea fahari kubwa.

Ukurasa wa Bi Amne mtandaoni haukuwa wazi kwa kila mtu. Waliokubaliwa kuingia ni wanawake tu, maana maharusi walimtumia picha zao wakiwa bila mtandio, wamevaa nguo za harusi, ili awachagulie maua ya hina yanayowafaa. Hakuna mwanamme aliyetakiwa kuziona. "Hizi ni amana za watu," Bi Amne alisema mara kwa mara, mpaka Bahiya akawa anaweza kumsaidia kuyamaliza maneno hayo.

Jumatatu moja ukaingia ujumbe kutoka kwa Maha, shangazi yake Bahiya anayeishi Maskati.

"Mwanangu, nimekosea. Nimeandika namba ya simu ya mama yako badala ya yangu. Zitaingia tarakimu sita. Nitumie haraka."

"Shikamoo, shangazi," Bahiya akaandika.

"Poa. Nitumie haraka."

Bahiya akashituka. Shangazi Maha alikuwa mtu wa kumrudisha mtoto mlangoni ili aingie tena na kuamkia vizuri. Leo anajibu poa? Lakini kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu, na Bahiya hakutaka kuambiwa hana adabu. Hapo hapo tarakimu sita zikaingia. Chini yake paliandikwa: usimpe mtu yeyote namba hii. Bahiya akajiambia kuwa shangazi si mtu yeyote, akazituma.

Haukupita muda, ukurasa ukajifunga. Alipoandika neno la siri, likakataliwa. Akajaribu tena, likakataliwa tena. Badala ya kusema, akazifuta zile jumbe za shangazi moja baada ya moja, pamoja na ule wenye tarakimu sita.

"Bahiya!" mama yake akaita kutoka ndani.

"Naam, mama."

"Mbona kimya leo? Hakuna aliyeandika?"

"Mtandao mbovu tu, mama."

Usiku ule hakula vizuri.

Kesho yake alasiri, Shadya alipiga simu huku akilia. Shadya ndiye aliyekuwa biharusi wa Ijumaa ile. Mtu asiyemjua alikuwa amemtumia picha yake mwenyewe, ile aliyompa Bi Amne, nywele wazi na mabega wazi. Mtu huyo alitaka alipwe, la sivyo angeisambaza mji mzima.

"Nilikuamini, Bi Amne!" Shadya alisema, na simu ikakatika.

Bi Amne akaiweka chini koni ya hina. Kisha akamgeukia Sichana, msichana wa Makunduchi aliyeishi nao na kumsaidia kukoroga hina.

"Sichana, neno la siri la ukurasa tunalijua watatu tu. Mimi, mwanangu na wewe. Umempa nani?"

"Wallahi Bi Amne, sijampa mtu!"

"Basi limetokaje? Limeota miguu?"

Sichana alimtazama Bahiya kana kwamba anaomba msaada. Bahiya akainamisha kichwa, akajifanya anafunga kifungo cha nguo yake. Alijua kwamba neno moja lake lingetosha, na neno hilo halikumtoka. Sichana akaenda uani kukusanya nguo zake, kwa sababu Bi Amne alimwambia arudi kwao mpaka ukweli ujulikane.

Bi Amne akamwita Salem, jirani yao fundi wa simu. Salem akakaribishwa sebuleni, akaikagua simu kwa utulivu.

"Kuna mtu katika nyumba hii aliyempa mwengine namba iliyoingia kwa ujumbe?" akauliza.

"Hakuna," alijibu Bi Amne.

"Basi naogopa simu yenyewe imeingiliwa. Itabidi niifute yote, tuanze upya."

"Na picha za kazi zangu?"

"Zitakwenda zote, dada yangu."

Bi Amne akafumba macho. Kupitia dirisha, Bahiya alimwona Sichana anafunga mzigo wake kwa kanga huku anajifuta machozi kwa pembe ya kanga ile ile. Aibu ikamjaa Bahiya. Akaona kwamba akiendelea kunyamaza, kila kitu kitapotea kwa sababu yake, na asiye na kosa ataondoka na jina baya.

"Mama, usifute! Namba nimeitoa mie." Akaanza kulia. "Nilidhani ni shangazi Maha. Ujumbe nimeufuta. Sichana hajui lolote."

Bi Amne hakupiga kelele, na hilo likamuumiza Bahiya zaidi.

"Afadhali umesema," Salem alisema. "Simu ni nzima, basi. Mwizi kafunguliwa, kapita mlangoni."

Akafungua barua pepe ya Bi Amne. Ulikuwamo ujumbe uliosema neno la siri limebadilishwa, na kama si wewe uliyelibadilisha, bonyeza hapa. Akabonyeza, akafuata maelekezo, na ukurasa ukarudi. Akaweka neno la siri jipya, akamtoa mwizi, kisha akaongeza ulinzi wa pili, ili mtu akilijua neno la siri bado asiweze kuingia. Alimtaka Bi Amne amwambie Shadya asilipe chochote, na waende pamoja polisi na ujumbe wa vitisho.

Maskati nako, Shangazi Maha alipopigiwa alipiga ukelele. "Mwenzenu nimeibiwa ukurasa wangu tangu juzi! Mie nimwombe mtoto namba ya siri?"

Harusi ya Shadya ikapita salama, na picha haikuonekana popote. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kumwapia kwamba haitaonekana kamwe, na Bahiya alilazimika kulisikia hilo kwa Shadya mwenyewe, siku alipopelekwa kumwomba radhi.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ile ile ya Jumanne, Bi Amne alikwenda kwanza uani kumtaka radhi Sichana. Aliporudi, alimkalisha Bahiya mbele yake.

"Kumheshimu mkubwa si kumpa amana za watu," alisema. "Mtu akikutaka namba ya siri, mpigie umsikie sauti. Kama ni mkubwa wako kweli, hatakasirika. Lakini kudanganywa kunawapata hata watu wazima, na hilo nimekusamehe. Lililoniuma ni kuwa ulinisikia namshutumu Sichana, ukanyamaza mpaka akafunga mzigo."

Bahiya akainuka, akaenda uani, akapiga magoti mbele ya Sichana.

"Nisamehe, dada."

Sichana akaendelea kufungua mzigo wake, akizikunjua nguo moja moja.

"Nshakusamehe," alisema mwishowe. "Ila siku nyengine nikisingiziwa na wewe unaujua ukweli, usingoje mpaka nifunge mzigo."